Mbweha Wadogo na Ukuta Wetu: Somo la Kulinda Sungura, Dende na Kuku

Masomo: Nehemia 4:1-23, Kutoka 22:10-13, Mwanzo 31:38-40, Mithali 27:23



Mwezi huu somo letu linaanzia mahali ambapo pengine hamkutarajia: kwenye kibanda cha sungura. Msishangae. Nyumba nyingi hapa kwetu zina sungura wawili watatu, au dende (wengine huwaita simbilisi), au kuku mmoja na vifaranga vyake. Mashamba hatuna, na ng'ombe tuliwaacha ng'ambo ya mpaka. Lakini sungura anakula majani ya kando ya njia na majani ya viazi vitamu, anakaa mahali padogo, na baada ya miezi michache anageuka kuwa daftari za mtoto, sabuni, mafuta ya kupikia au nyama ya mgonjwa. Huko Kivu ya Kusini, wakati wa vita, familia nyingi zilishikilia dende kwa sababu hiyo hiyo. Ng'ombe na mbuzi waliporwa, lakini dende wachache chini ya kitanda waliweza kufichwa.

Kwa hiyo mnyama mdogo akiuawa usiku, nyumbani si hasara ndogo. Na tumejifunza kwamba hasara hiyo inaweza kuzaa nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe. Ndiyo maana tunaandika.

1. JAMBO LILILOTUSUKUMA KUANDIKA

Mama mmoja wa kanisa letu aliamka alfajiri akakuta sungura wake jike amekufa kibandani, na watoto watano hawapo. Alilia, majirani wakaja. Kabla ya saa mbili asubuhi jina la kijana mmoja wa mlimani, mwenyeji wa hapa, lilikuwa limekwisha kutajwa. Kwa nini yeye? Kwa sababu jana yake alipita njia ile amebeba majani. Na, tuseme kweli, kwa sababu si wa kwetu. Ilipofika mchana baadhi ya vijana wetu walikuwa wameshika fimbo.

Mzee mmoja wa kanisa aliwazuia. Hakuwahubiria. Aliomba tu aonyeshwe kibanda. Akamgeuza yule jike aliyekufa, akatuonyesha alama za meno nyuma ya shingo, na nyama iliyoliwa kidogo upande wa kichwa. Akauliza, "Mwizi gani huuma?" Kisha akapitisha mkono kwenye ubao wa nyuma. Ulikuwa umelegea, na juu ya msumari palikuwa na manyoya ambayo hayakuwa ya sungura.

Jioni ile sungura waliobaki waliingizwa nyumbani. Mzoga uliachwa ndani ya kibanda, na majivu yaliyochekechwa yakamwagwa kukizunguka. Asubuhi tulikuta nyayo ndogo za mviringo kama za paka. Zilianzia chini ya mti wa avokado, ambao tawi lake liligusa paa la kibanda. Waliokulia kandokando ya msitu walizitambua: ni kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu wenye pete pete.

Ilitubidi kwenda kwa yule kijana, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemfikia. Tulimwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Alitusikiliza, hakusema mengi. Yalipita majuma kadhaa kabla ya kuanza kutusalimu tena. Sisi ni wageni katika nchi hii. Tunachota maji pamoja na wenyeji, watoto wetu wanasoma na watoto wao, na wengi wetu tunapata kibarua katika mashamba yao. Kama zile fimbo zingefika kule mlimani, tungekuwa tumepoteza nini kwa ajili ya sungura sita?

2. MBWEHA KATIKA BIBLIA, NA MBWEHA WA HUKU

Mbweha anatajwa mara nyingi katika Maandiko. Samsoni alikamata mbweha mia tatu (Waamuzi 15:4). Katika Wimbo Ulio Bora 2:15 ni mbweha wadogo wanaoharibu mizabibu. Na Bwana wetu alisema kwamba mbweha wana mashimo yao, bali yeye hakuwa na mahali pa kulaza kichwa (Mathayo 8:20). Neno hilo la mwisho sisi wakimbizi tunalielewa bila kufafanuliwa.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa mbweha, yaani shual, hutumika kwa wanyama wawili wanaofanana. Mmoja ni mbweha mwekundu wa nchi za kaskazini, ambaye hapa Rwanda hayupo. Mwingine ni wa jamii ya mbweha tunaowajua Afrika. Yule wa milima yetu ana mstari hafifu ubavuni, na ncha ya mkia wake kwa kawaida ni nyeupe. Hutembea usiku, peke yake au wawili wawili. Hula panya, wadudu, matunda, mizoga, na pia kuku au sungura aliyeachwa wazi.

Anatoka wapi? Zamani msitu wa Gishwati ulienea mpaka kwenye milima ya upande huu wa Rubavu. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta kama 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki karibu hekta 600 tu. Malisho na mashamba yaliukata, na baada ya 1994 watu waliorudi kutoka ukimbizini walipewa makazi huko. Baadaye miti ilianza kupandwa upya. Kipande kilichobaki, pamoja na msitu wa Mukura, kikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 UNESCO iliyatambua mazingira yake kuwa hifadhi ya baiosfia. Basi mnyama wa porini naye alipoteza kwao, akajifunza kuishi kandokando ya watu.

Wenyeji wetu nao wanaumia. Katika miaka ya 2021 na 2022 wafugaji wa kandokando ya Gishwati walipoteza ndama wengi waliouawa usiku, na watu wakabishana: ni mbweha, au ni mbwa wasio na mwenyewe? Mnaona? Hata mwenye ng'ombe hushindwa kumjua adui yake. Sisi wenye sungura tusijidhanie kuwa wepesi zaidi wa kuhukumu.

3. MZOGA NI SHAHIDI

Torati inatufundisha jambo la hekima katika Kutoka 22:10-13. Mtu aliyekabidhiwa mnyama wa mwenzake, na mnyama huyo akararuliwa na mwitu, alipaswa kuleta mabaki yake kuwa ushahidi. Mabaki yakionyesha kazi ya mnyama wa mwitu, hakulipa. Maana yake, Mungu alitaka mzoga uangaliwe kabla ya mtu kuhukumiwa.

Lakini kuangalia peke yake hakutoshi. Kumbukeni kanzu ya Yusufu (Mwanzo 37:31-33). Yakobo aliona damu, akasema mnyama mkali amemla mwanawe, kumbe ni kazi ya ndugu zake. Yeye alimshitaki mnyama kwa kosa la watu. Sisi tulikaribia kumshitaki mtu kwa kosa la mnyama. Kosa ni lile lile: kuhukumu kwa alama moja, kwa haraka, moyo ukiwa na uchungu.

Basi ukikuta hasara, usioshe mahali wala usitupe mzoga mara moja. Angalia hivi:

a) Wanyama wengi wameuawa, wametawanyika, hawakuliwa sana, na mbao au wavu umevunjwa kwa nguvu: mara nyingi ni mbwa. Mbwa wanaozurura huua kwa mchezo, na ndio adui wa kwanza wa vibanda vya karibu na watu.

b) Udongo umechimbwa chini ya ukuta, na mnyama mmoja au wawili wamechukuliwa kabisa: yaweza kuwa mbweha, lakini hata mbwa huchimba. Angalia nyayo na manyoya.

c) Mnyama ameumwa shingoni au kichwani, ameliwa sehemu tu, na pengo lililopitiwa ni dogo au liko juu: fikiria kanu au paka-mwitu. Kanu hupanda miti, na palipopita kichwa chake, mwili wake hupita.

d) Kuku au vifaranga wamechukuliwa mchana: kama ni chini kwenye majani, fikiria nguchiro, kama ni uwanjani, fikiria mwewe au kipanga.

e) Watoto wa sungura wamekatwa miguu au masikio, au wanapungua mmoja mmoja kila usiku: hiyo ni kazi ya panya.

f) Watoto wamebaki mifupa, na mama yao anahangaika na kujikuna: siafu wamepita. Siafu hawahitaji mlango.

g) Hakuna pengo popote, na mabaki ya watoto yako ndani ya kiota: yawezekana mama amewala mwenyewe. Sungura jike hufanya hivyo akikosa maji wakati wa kuzaa, akikosa chakula, au akitishwa na makelele na watu wanaochungulia mara kwa mara. Hapo wa kulaumiwa si mbweha wala jirani.

h) Mnyama hayupo, hakuna damu, hakuna manyoya, na mlango umefunguliwa vizuri: yaweza kuwa mtu. Hata hapo usitaje jina. Peleka habari kwa kiongozi wa eneo, naye afuatilie kwa utaratibu.

Kama bado huna hakika, tumia majivu. Chekecha majivu ya jikoni, yamwage kuzunguka kibanda upana wa hatua moja, jioni isiyo na mvua. Asubuhi, kabla watoto hawajapita, nenda ukasome. Nyayo za mbwa na mbweha huonyesha kucha. Za paka na kanu mara nyingi hazionyeshi. Za panya ni ndogo, na mkia huacha mstari. Majivu hayana kabila, wala hayana chuki na mtu.

4. UKUTA: KIBANDA KISICHO NA PENGO

Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu, Tobia Mwamoni alidhihaki kwamba hata mbweha akipanda juu yake ataubomoa (Nehemia 4:3). Nehemia hakubishana naye. Walimwomba Mungu, wakaweka walinzi usiku na mchana (4:9), wakaendelea kujenga. Ukuta ulimalizika kwa siku 52 (6:15). Angalieni vizuri: waliomba, na walijenga. Kuna wapendwa wanaosema, "Mimi nimemkabidhi Bwana sungura wangu," huku mlango umefungwa kwa kipande cha kitenge. Tunawaheshimu kwa imani yao, lakini Nehemia hakufanya hivyo.

Kwanza ruhusa. Kabla hujajenga kibanda chochote, waulize viongozi wa kambi mahali panaporuhusiwa. Kibanda kilichojengwa kwa siri hubomolewa, na hapo hasara haikuletwa na mbweha.

Miguu. Inua kibanda hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, karibu mita moja. Kinyesi kitaanguka chini, nawe utapata mbolea ya bustani ya jikoni. Mbwa na mbweha watapata shida kufika. Zungusha kipande cha bati kwenye kila mguu, upana wa kama sentimita 30, ili panya ateleze. Simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye maji, na juu ya maji tia mafuta machafu kidogo, ili siafu wasipande. Safisha makopo hayo kila juma. Jani moja likianguka na kugusa mguu, limekuwa daraja.

Sakafu. Tumia vipande vya mianzi vilivyopasuliwa na kulainishwa, vikiachana kwa upana wa kama sentimita moja, ili kinyesi kipite na mguu wa sungura usinase. Usiache kingo kali, kwa sababu kidonda cha mguu huua polepole.

Kuta na wavu. Wavu mwembamba wa kuku huzuia kuku kutoka, lakini hauzuii mbwa kuingia. Anaupasua kwa meno. Ukipata wavu mgumu wenye matundu yasiyopitisha kidole gumba, huo ndio mzuri. Kama huna fedha za kutosha, weka wavu mgumu mbele tu, na pande nyingine tumia mbao zilizobanana. Wavu ufungwe kwa misumari iliyokunjwa au kwa waya, si kwa kamba. Kumbuka kwamba mnyama anaweza kuingiza mkono na kumvuta mtoto. Kwa hiyo kisanduku cha kuzalia kikae mbali na wavu, upande wa mbao.

Paa. Lizuie mvua, na lisiguswe na tawi lolote. Hilo ndilo kosa lililomgharimu mama yule. Kata matawi ya karibu, au sogeza kibanda.

Mlango. Weka vifungio viwili, kimoja juu na kimoja chini. Komeo la mti na kitanzi cha waya vinatosha. Ukiweza kupata kufuli, vizuri zaidi.

Chini. Wale wanaofuga kuku au dende ardhini wazungushe msingi wa mawe. Hapa Rubavu Mungu ametupa mawe meusi ya volkano, yale wenyeji wanayoita amakoro, bila kununua. Chimba mfereji wa sentimita 30, ujaze mawe, kisha panga mengine upande wa nje. Mbweha huchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta mawe, huchoka.

Wengine hulaza sungura ndani ya nyumba. Kwa usiku mmoja wa hatari tunawaelewa. Lakini mkojo wa sungura una harufu kali inayoumiza kifua, hasa cha mtoto mchanga, na nyumba zetu ni ndogo. Afadhali kibanda imara kilichoegemea ukuta wa nyumba, karibu na dirisha, mahali ambapo mtu anayelala ndani atasikia kishindo.

5. KUJUA HALI YA KUNDI

Mithali 27:23 inatuagiza tujue hali ya makundi yetu. Mfugaji wa sungura watatu naye ana kundi. Wahesabu jioni na asubuhi. Jike hubeba mimba siku 31 hivi. Andika tarehe ya kupandishwa kwa makaa juu ya mlango, na siku ya 28 mwekee kisanduku chenye nyasi kavu na maji ya kutosha. Ukijua siku ya kuzaa, utajua usiku upi wa kukesha, maana harufu ya kuzaa huwaita panya na siafu. Usipojua, utaamka na kukuta mabaki, na hutaweza kusema walikuwa wangapi.

Ondoa pia kinachowaita maadui. Matumbo ya kuku na samaki yafukieni. Mabaki ya chakula yasimwagwe karibu na vibanda. Majani marefu yafyekwe hatua kadhaa kuzunguka, kwa kuwa nguchiro na panya hawapendi kuvuka mahali peupe. Kuku waingizwe ndani kabla ya giza, si baada ya kula.

6. ZAMU: TUSILINDE KILA MTU PEKE YAKE

Tangu siku ile nusu ya watu wa Nehemia walifanya kazi na nusu walishika silaha (4:16). Tena aliwapanga watu kwa jamaa zao, mahali palipokuwa wazi (4:13). Hapo tunajifunza kwamba pengo la jirani ni pengo langu. Mbwa akizoea kula kwa jirani, juma lijalo atakuja kwangu.

Tunashauri nyumba tano tano ziungane. Mwenye msumeno alete msumeno, mwenye nguvu achimbe, mwenye fedha kidogo anunue misumari. Mjane na mzee wajengewe kwanza. Siku moja kwa juma mtu mmoja wa kikundi azunguke vibanda vyote vitano akitafuta ubao uliolegea, na aingize vidole vyake mahali pote. Kazi hiyo inachukua nusu saa. Wenyeji wetu wana desturi ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na wana irondo, ulinzi wa usiku. Twendeni kwao tukaulize wanavyowalinda kuku wao. Tulipofanya hivyo baada ya jambo la yule kijana, tuligundua kwamba nao walikuwa wakipoteza kuku, na kwamba wengine walikuwa wametudhania sisi.

Someni sentensi hiyo mara ya pili, wapendwa. Usiku ule ule sisi tukiwashuku wao, wao walikuwa wakitushuku sisi, na mnyama alikuwa akila pande zote mbili.

7. MAMBO TUNAYOWAKATAZA KWA UPENDO

Sumu. Msiweke nyama yenye sumu. Itaua mbwa wa jirani, paka anayewasaidia kukamata panya, na yawezekana mtoto wa mtu. Tena sheria ya Rwanda inawalinda wanyama wa porini. Mkimbizi akipatikana ameua kwa sumu au kwa mtego wa waya, ameingia katika shida ambayo sisi wachungaji hatutaweza kumtoa.

Mikono mitupu. Mbwa au mbweha anayetembea mchana bila woga, anayetokwa na mate au kuyumbayumba, asikaribiwe. Huenda ana kichaa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Wafundisheni watoto.

Kula mzoga. Njaa tunaijua. Lakini sungura aliyeraruliwa na mnyama usiyemjua asiliwe. Azikwe shimo refu, mbali na maji. Wakifa wengi bila jeraha, mwiteni daktari wa mifugo, maana hapo ni ugonjwa.

8. YAKOBO MGENI

Tumalizie kwa Yakobo. Alikaa miaka ishirini katika nchi isiyo yake, akichunga mifugo ya Labani. Katika Mwanzo 31:38-40 anamweleza Labani jinsi alivyoishi: mchana jua lilimchoma, usiku baridi, usingizi ukamkimbia. Na mnyama aliyeraruliwa hakumpelekea Labani. Aliibeba hasara yeye mwenyewe. Yakobo alikuwa na haki ya kuonyesha mabaki asilipe, lakini alichagua kulinda zaidi na kulaumu kidogo. Labani hakuwa mwema kwake, alibadilisha mshahara wake mara kumi. Hata hivyo Yakobo alipoondoka, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba alikula kondoo wa mwenzake au alimsingizia mtu.

Siku moja na sisi tutaondoka hapa, kwa mapenzi ya Mungu, kwenda kwetu au mahali pengine. Tungependa wenyeji wetu waseme nini? Sungura watazaliwa wengine. Jike mwenye afya na banda zuri atakujaza nyumba. Lakini jina la jirani ulilolitupa mbele ya watu haliwezi kuokotwa kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo ukiamka na kukuta hasara, tafuta pengo kabla ya kutafuta mkosaji. Pengo utaliona kwa mikono yako, na utaliziba kabla ya jioni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika Nehemia 4:9 watu walifanya mambo mawili. Ni yapi? Sisi tumezoea lipi, na tumesahau lipi?

2. Je, umewahi kumshuku mtu kwa kitu kilichopotea, kisha ukagundua ukweli? Ulifanya nini baadaye?

3. Zungukeni vibanda vya kikundi chenu leo kabla ya giza. Mmekuta mapengo mangapi? Nani atayaziba, na lini?

4. Ni nyumba gani karibu nanyi, ya mjane, ya mzee au ya mwenyeji, inayohitaji msaada wa kujenga?

TUOMBE

Ee Bwana, wewe mchungaji mwema, ulitupa vitu vichache tulipopoteza vingi. Tufundishe kuvilinda kwa bidii na bila hofu. Utupe macho ya kuona pengo letu, na ulimi mzito wa kutaja jina la jirani. Uwabariki wenyeji wetu waliotupokea. Katika jina la Yesu, Amina.